Kipa Aliyeingiwa na Adabu

Mtoto wa kike akianza kuwa na adabu ghafla, wazazi humshukuru Mungu na majirani huhesabu miezi. Kwa Silvester, fundi makochi wa Kihesa, walimshukuru Mungu. Majirani nao walihesabu, lakini walihesabu bure, maana kilichompata binti yake Bupe hakikukaa tumboni.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwenye baridi ile ya Iringa inayomfanya mtu ayaombe radhi maji kabla ya kuyagusa. Bupe alitoka chumbani, akapiga magoti kwenye mlango wa jiko, akaamkia kwa Kihehe.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene," akajibu Bibi Benedicta. Alikuwa amejikunja kwenye kigoda ndani ya koti kubwa la marehemu mumewe, Babu Samwel. Alilivaa makusudi. Bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza kwa utani, na hawa wawili waliuchukulia utani wao kama kazi ya ajira. Mume wao alikuwa mmoja, tena marehemu, na kila asubuhi waligombea koti lake. Bupe angesema, "Vua koti la mume wangu, kizee, unalitia harufu ya ugoro." Bibi angejibu, "Wewe alikuoa kwa huruma, nani angeoa miguu ya mchi." Hapo ndipo chai ilipoweza kuchemka.

Siku hiyo Bupe hakusema kitu. Alibeba ndoo, akachota maji bombani, akarudi, akapiga magoti pale pale.

"Kamwene, bibi."

Bibi akamtazama bila kujibu. Esnath, mama yake Bupe, alikuwa anageuza vitumbua vyake vya kwenda kuuza. Akatabasamu juu ya kikaango.

"Umeona, mama? Anaamkia mara mbili. Huyu mtoto nimemwombea tangu yuko darasa la sita."

"Uliomba amwamkie mtu mmoja mara mbili?"

"Niliomba awe na heshima. Kiasi sikutaja."

Bupe akaenda kukaa mbali na moto, uso ameukunja kama mtu anayetazama jua. Jana yake alikuwa shujaa. Timu yake ya wasichana ilicheza na wasichana wa Igawa, na kipindi cha pili mpira wa kona ulipokuja, Bupe alitoka golini akaufuata hewani. Mpira aliupata. Lakini goti la mshambuliaji wa Igawa nalo lilimpata yeye, hapa pembeni ya jicho. Alilala kidogo. Wenzake walimmwagia maji, akainuka bado ameukumbatia mpira, na uwanja mzima ukaimba jina lake. Alicheza mpaka mwisho. Baada ya mechi alimuuliza Blessing, kipa wa akiba, nani ameshinda, na Blessing akacheka, akadhani ni maringo. Silvester alimbebea begi mpaka nyumbani kama mpambe wa bibi harusi.

Sasa Silvester aliingia jikoni akitafuta chai yake.

"Huyu mtoto hajanitukana tangu jana jioni," Bibi Benedicta, mama yake, akamwambia.

"Mama, na wewe unalalamika kwa kukosa matusi?"

"Silalamiki. Nauliza yamekwenda wapi."

"Amekua. Amekuwa mtu mzima." Silvester akanywa chai. "Kichwa kinamuuma kidogo, nimempa vidonge. Hata mimi ningepigwa na goti la mtu wa Igawa ningetulia."

Bibi Benedicta akalivuta koti shingoni. Hakusema tena, na yeye akinyamaza ni heri umwogope.

*

Mchana kocha Aroni alifika kwa Silvester. Karakana yenyewe ilikuwa kibaraza kilichozibwa kwa mbao na kuezekwa mabati, chenye makochi matatu yaliyovuliwa nguo na harufu ya gundi. Kocha hakukaa. Mahali pa kukaa palikuwepo, lakini pote palikuwa na misumari.

"Mzee Silvester, Jumamosi tuko Mbeya," akasema. "Kuna watu wanakuja kuchagua wasichana wa kambi ya mpira. Wameniuliza kipa kwa jina. Kwa jina, mzee."

"Bupe?"

"Bupe. Sasa kuna jambo dogo. Refa ameandika kwenye ripoti kwamba kipa aligongwa kichwa. Akishaandika hivyo, mchezaji haruhusiwi mpaka daktari ampime na aseme ni mzima. Nimemwombea nafasi Alhamisi."

Silvester akaweka nyundo chini. "Wanampima kwa mashine?"

"Mashine ya nini? Ni maswali tu. Mimi nilihudhuria semina, tulilishwa na kuku. Watamuuliza leo siku gani, mechi ilikuwa na nani, nani alifunga la mwisho. Watamwambia ataje miezi kwa kurudi nyuma. Watampa maneno matano, ayarudie, halafu baadaye ayarudie tena. Atasimama kwa mguu mmoja. Basi." Kocha akashusha sauti, ingawa msikilizaji mwingine alikuwa kuku tu. "Maneno yenyewe nayakumbuka. Daraja, ndizi, shuka, kengele, mbuzi. Hawayabadilishi sana."

"Sasa huo si wizi wa mtihani?"

"Wizi ni kuchukua cha mtu. Hiki kichwa ni cha kwako wewe mwenyewe."

Silvester akafikiri. Katika maisha yake alikuwa ameona milango mingi ikifungwa kwa sababu ya maswali, na hakuna hata siku moja aliyowahi kuletewa maswali mapema mpaka kwenye kibaraza chake. Akaona ni baraka. Akamwita Bupe.

Wakaanza siku ile ile. Bupe alikaa kwenye fremu ya kochi isiyo na godoro, na baba yake akatembea mbele yake, futi ya kupimia kitambaa ikining'inia shingoni.

"Miezi. Rudi nyuma."

"Desemba. Novemba. Oktoba." Bupe akanyamaza. "Desemba."

"Desemba umeshaitaja. Tena."

"Baba, kichwa."

"Alhamisi hicho kichwa hakiumi. Ukiulizwa, unasemaje?"

"Hakiumi."

"Vizuri. Maneno."

"Daraja. Ndizi. Shuka."

"Na?"

Bupe alitazama sakafu mpaka Silvester akaona aibu kwa niaba yake, akamtajia. Mwanga wa nje ulikuwa unamchoma macho, akaomba mlango ufungwe. Silvester hakufunga tu, alichukua kipande kizuri cha kitambaa cha kochi la mteja akakitundika dirishani, kwa upendo kabisa. Hakujiuliza kwa nini msichana wa miaka kumi na minane, aliyezoea jua la saa nane uwanjani, leo alikuwa anaogopa mwanga wa kibaraza.

Walisoma Jumatatu, wakasoma Jumanne, na Jumatano wakasoma mara mbili. Bibi Benedicta alipita na ungo wake, akasimama.

"Mnasomea nini humo gizani?"

"Kichwa, mama."

"Kichwa kinasomewa?"

"Siku hizi."

"Na akifaulu?"

"Anakwenda Mbeya."

"Sikuulizi kichwa kinakwenda wapi. Nauliza kama kitapona."

"Mama," Silvester akasema kwa heshima ya mtu aliyechoka, "tafadhali."

Jioni hiyo Esnath alimtuma Bupe dukani akalete chumvi. Alikawia mpaka ugali ukaanza kupoa. Bibi alimkuta nyuma ya ua, amesimama, ile hela ya chumvi bado mkononi, anautazama mti wa mparachichi kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lake. Esnath alisema ni mambo ya wasichana, labda ana mvulana. Bibi alikwenda kununua chumvi mwenyewe. 

*

Alhamisi walikwenda kituo cha afya wote wanne. Silvester alivaa koti la kanisani. Bibi Benedicta hakualikwa, lakini alisema ana goti, na goti la mzee halikataliwi safari ya kwenda kwa daktari.

"Mama," Silvester akamwambia mlangoni, "tukifika pale, wewe ni goti tu."

"Mimi ni goti," akakubali.

Chumba cha daktari kilitenganishwa na foleni kwa pazia la maua. Yaliyosemwa ndani yalisikika kwa akina mama waliokuwa wamekaa nje kwenye benchi, nao walifanya heshima ya kukohoa. Daktari alikuwa mama wa makamo aitwaye Tusajigwe, na Esnath, mzaliwa wa Tukuyu, aliposikia jina tu alipumua. Huyu ni wa kwetu, akawaza, hawezi kutuangusha.

Bupe alikaa, mikono mapajani, kama mtahiniwa. Alijibu siku. Alijibu mechi. Alijibu mfungaji. Daktari alipomwambia ataje miezi kwa kurudi nyuma, aliishusha kama mtu anayekimbia mteremko wa Ipogolo bila breki, Desemba mpaka Januari, na alipofika Januari alihema.

"Mm," akasema daktari. "Hata mimi ninayeuliza sina mbio hizo. Sasa nakupa maneno. Daraja, ndizi, shuka, kengele, mbuzi."

Silvester alikaza vidole vya miguu ndani ya viatu. Bupe aliyarudia yote. Baadaye aliyarudia tena, na yalikuja yote matano, kwa mpangilio, hata mbuzi. Kwenye mguu mmoja aliyumba akashika meza. Silvester alisema sakafu imeinuka. Daktari aliitazama sakafu, akaandika.

"Kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Usingizi? Kichefuchefu? Mwanga unakusumbua?"

"Hapana. Hapana. Hapana."

Daktari Tusajigwe akaegemea kiti. Nje ya pazia mtu alikohoa. Ndani, Silvester alikuwa ameshaanza kuliona basi la Mbeya likipanda mlima.

"Amejibu vizuri sana," daktari akasema. "Mimi nimekutana naye leo tu. Ninyi mnaishi naye. Mama, nyumbani tangu Jumapili yukoje?"

Esnath alikuwa amengoja nafasi hiyo wiki nzima. Mtoto wake alikuwa amefaulu, na sasa ameulizwa na mtu wa kwao. Akajifunga khanga vizuri.

"Daktari, amekuwa mzuri kuliko alivyokuwa. Nakwambia ukweli wa Mungu. Zamani alikuwa mkaidi, mdomo mrefu, simu usiku kucha. Sasa hivi simu haishiki kabisa. Redio anasema tuizime. Anaingia kulala mapema, hata kuku hawajalala. Nikimsema hajibu. Na heshima yake sasa, anamwamkia bibi yake mara mbili, mara tatu asubuhi moja. Yaani ametulia. Ukimtuma dukani anakwenda polepole, hakimbii kimbii."

Kadiri alivyoendelea kusifu, ndivyo kalamu ya daktari ilivyopunguza mwendo, na mwishowe ikasimama. Esnath aliiona ikisimama. Hakujua ni neno gani lililoisimamisha.

"Anaamkia mara tatu," daktari akarudia. "Anakumbuka kwamba ameshaamkia?"

Esnath akamtazama mumewe. Daktari akageuka.

"Na wewe, bibi?"

"Mimi ni goti," akasema Bibi Benedicta, akimtazama mwanawe.

"Goti nitaliona. Nauliza mjukuu."

Bibi akainuka taratibu, akasogea mpaka mbele ya Bupe, akaweka mkono kiunoni. "Wewe mwanamke," akamwambia, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye benchi. "Mume wangu amekufa ameniachia koti, wewe amekuachia nini? Miguu ya mchi. Hata kaburini ukimtembelea anageukia upande wa pili."

Nje ya pazia kicheko kilipasuka. Daktari mwenyewe alificha mdomo. Bupe aliinua macho kwa bibi yake, na machozi yalikuwa yamejaa.

"Nisamehe, bibi," akasema.

Kicheko cha daktari kikaisha. Bibi akabaki amesimama, mkono bado kiunoni, kama mtu aliyerusha jiwe kisimani asisikie maji.

"Siku zote angenijibu mpaka nitafute pa kujificha," akasema. "Huyu amenyamaza tangu Jumapili. Nilidhani ni mimi nimepoteza makali."

Daktari alimtazama Silvester. Silvester alitazama maua ya pazia. Kwenye foleni hapakuwa na anayekohoa tena.

"Nilimfundisha," akasema. "Kocha alinipa maswali. Miezi, maneno, yote. Na hakiumi nilimfundisha mimi."

"Umefundisha vizuri, baba. Ungekuwa mwalimu ningekuletea wanangu. Ila nilitaka kupima kichwa chake, nikapima chako." Daktari hakuyasema kwa ukali, na hiyo ilimuuma Silvester zaidi. "Mnajua yai likitikiswa, ganda halipasuki. Kwa nje ni zima. Ubongo wa huyu umetikiswa, na mimi siwezi kumpasua nione. Naona kwa anavyojibu, anavyosimama, na mnavyoniambia ninyi. Sasa akipigwa tena kabla hajapona, hata kidogo, hata na mwenzake mazoezini, anaweza asiinuke. Simtishi mtu. Wapo ambao hawakuinuka."

Esnath alikaa chini bila kuangalia kama pana kiti.

Daktari akawaambia la kufanya. Siku mbili za utulivu, simu kidogo tu, asilazimishwe kusoma. Baadaye atembee. Akitembea bila kuumwa, akimbie pole. Halafu mpira peke yake. Halafu na wenzake, na kabla ya kugongana na watu wamlete kwanza yeye amwone. Kila hatua angalau siku nzima, na kichwa kikirudi, hatua moja nyuma. Wasimpe vidonge vya kuficha maumivu halafu wakamwingiza uwanjani. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, maumivu yakizidi au akiwa mgumu kuamka, wasingoje kukuche, hospitali.

"Kwa hiyo siendi," Bupe akasema.

"Jumamosi huendi."

Bupe alitikisa kichwa taratibu kukubali, kwa adabu. Safari hii adabu ile ilimtisha mama yake kuliko matusi yote ya miaka kumi na minane.

*

Ijumaa mchana Esnath aliporudi na beseni tupu la vitumbua alikuta kitanda kitupu. Bibi Benedicta, aliyewekwa mlangoni kulinda, alikuwa amesinzia kwenye kigoda. Glavu hazikuwepo msumarini.

Silvester alipanda bodaboda akiwa na gundi mikononi. Walishuka Ipogolo kwa kasi ambayo siku nyingine angeikemea. Gari la timu, Coaster nyeupe, lilikuwa limesimama kando ya barabara kuu, likingoja wasichana waliochelewa. Bupe alikuwa ndani, kiti cha dirishani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Kocha Aroni alimwahi mlangoni. "Mzee, mimi sikumwita. Amekuja mwenyewe. Na daktari bado hajaniletea barua, kwa hiyo kisheria..."

"Daktari amesema mbele yangu."

"Nimesikia, lakini nimefikiria. Asafiri na wenzake, moyo usivunjike. Atakaa benchi tu."

"Kihesa kuna mabenchi mengi. Mimi ndiye ninayeyatengeneza."

Ndani ya gari wasichana walikuwa wameshaanza. "Baba Bupe, tuachie kipa." "Baba Bupe, ukimshusha unatufunga magoli." Mmoja alisema tayari wamefungwa kabla ya kufika Mafinga. Silvester akapanda ngazi, akapita kati ya mabegi, akasimama kwenye kiti cha binti yake. 

"Bupe. Tushuke."

"Baba, wewe ndiye uliyesema niseme hakiumi."

Wasichana wakageuka. Dereva naye akageuza shingo.

"Ndiyo," akasema Silvester. "Nilikosea."

"Watu wa kambi wameniuliza kwa jina."

"Najua."

"Watauliza tena lini?"

Silvester akaanza kubandua gundi iliyokauka vidoleni. Ndipo Blessing, kiti cha nyuma, akasema, "Mzee, mchukue."

"Aah, Blessing," wa pembeni akamkata, "sema tu unataka namba."

"Naitaka. Naitaka tangu mwaka jana. Mnafikiri nakaa benchi kwa kupenda mbao?" Blessing akasimama. Alikuwa mrefu na mwembamba, kichwa chake kikagusa dari. "Lakini nimemkuta wapi mimi leo? Amesimama ng'ambo, upande wa magari ya Morogoro, begi mgongoni. Nikamuuliza unangoja nini, akasema gari la Mbeya. Nikamshika mkono nikamvusha barabara. Malori yanapita pale, ninyi mnayajua. Sikuwaambia kwa sababu mngesema hivi hivi mnavyosema."

 Nje lori lilipita likishuka mlima, na vioo vikatetemeka.

Bupe alimgeukia Blessing. "Ulinivusha wewe?"

"Mimi."

Bupe alifikiri, na walioketi karibu waliona jinsi alivyokuwa akitafuta, na jinsi ambavyo hakupata. Akaokota begi lake. Aliposhuka, kocha alimpisha, akavua kofia akaikunja mikononi bila sababu.

Wauza vitunguu wa kando ya barabara walikuwa wameacha biashara wakitazama. "Mzee, afadhali umemuwahi," mmoja akamwambia Silvester kwa huruma. "Huyo mwanamume mwenyewe yuko wapi, Mbeya au Tunduma?" Silvester alivumilia. Angewaeleza nini?

Gari lilipowaka, Blessing alifungua dirisha. "Bupe. Nipe glavu. Zangu zimechanika kidole."

Hilo Bupe hakulitegemea. Alizitoa begini, akazishika, akazifinya. Gari likaanza kujongea. Akatembea nalo hatua chache, baba yake akimfuata nyuma, mikono mbele kama anayemfuata mtoto anayeanza kutembea, kisha akazirusha. Blessing akazidaka kwa mkono mmoja.

Njia nzima ya kurudi juu Silvester alimweka Bupe katikati, kati yake na dereva wa bodaboda, akamshika kichwa kwa mikono miwili kila walipofika kwenye tuta. Dereva alisema mzee, hivyo tutaanguka. Silvester alimwambia basi punguza mwendo. Wakapunguza, mpaka wapanda baiskeli wakawapita.

*

Mbeya walitoka sare, na watu wa kambi waliandika jina la Blessing. Habari ilifika Kihesa kabla ya gari. Bupe aliisikia, akaingia chumbani, akafunga mlango, na Esnath akakaa nje ya mlango huo, beseni pembeni, kila mara akiita, "Bupe, umelala au unalia?" Maana kulia angekuvumilia. Kulala kulimtisha. "Nalia, mama, niache," mtoto alijibu, na mama akamshukuru Mungu, safari hii bila kutaja sababu.

Siku za utulivu zilipita, zikafuata nyingine kwa sababu kichwa kilikataa kuwahi. Silvester alimuuliza kila asubuhi kama kinauma, na Bupe aliposema kinauma alimshukuru kwa kumwambia. Mteja alikuja kudai kochi lake na akakuta kitambaa chake bado kiko dirishani. Alisema maneno. Silvester aliyasikiliza yote bila kukitoa.

Ilipofika zamu ya kutembea, walimkabidhi kwa bibi. Walizunguka Kihesa jioni, kanisani, sokoni, wakirudi kwa njia ya uwanjani, kwa sababu njia nyingine ina mlima. Hapo Bupe hakugeuza shingo. Alitembea akitazama vidole vyake vya miguu.

Siku moja wasichana walikuwa mazoezini. Blessing alikuwa golini, akiwa bado hajaenda kambini. Mtu alipiga mpira ukapaa juu ya goli, ukavuka mstari, ukaja. Ulikuja juu juu, ukishuka usawa wa kichwa, mpira wa kawaida kabisa, ule ambao Bupe angeudaka akiwa anaongea na simu.

Mchezo ulisimama. Kocha Aroni aliondoa filimbi mdomoni. 

Mikono ya Bupe iliinuka. Iliinuka yenyewe, viganja vimefunguka, mwili ukajipanga nyuma yake kama ulivyofundishwa. Halafu akaishusha. Akapiga hatua moja pembeni, akamvuta bibi yake kwa koti, na mpira ukapita palipokuwa na kichwa chake, ukaenda kudunda kwenye mahindi ya watu.

Blessing alikuja mbio kuufuata. Aliporudi nao alisimama mbele yao, anahema, hajui aangalie wapi.

"Ungeudaka huo," akasema.

"Najua."

"Hata mimi nilidhani unaudaka."

"Unachelewa kutoka golini," Bupe akamwambia. "Mpira wa kona unaungoja ukufuate. Huko kambini watakuona."

Blessing akautazama mpira mikononi, akaitikia kwa kichwa, akarudi mbio. Filimbi ikalia.

Bibi Benedicta alimshika mjukuu wake mkono. Ulikuwa umelowa jasho.  Wakaendelea na safari yao polepole, kwa sababu amri ya daktari ilikuwa polepole, na bibi hakuwa na mwendo mwingine.